XENOPHON: ASKARI ALIYEKATAZA HASIRA JUU YA FARASI

Katika ukurasa huu wa maisha ya watu mashuhuri tumezoea kusoma habari za wapigania uhuru, za waandishi na za wanariadha wetu. Basi msishangae, wapenzi wasomaji, nikiwaletea leo Mgiriki aliyefariki zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, ambaye hakuwahi kuisikia Kitui wala Makueni hata ndotoni. Nimemchagua kwa sababu ya punda.

Kwetu Makueni, kama ilivyo kwa ndugu zetu wa Kitui, anayeleta maji nyumbani aghalabu ni punda. Hubebeshwa mitungi minne ya lita 20, miwili kila ubavu. Hizo ni kilo 80, na bado hujamhesabu mtoto mtundu anayedandia juu. Likizo moja barabara yetu ya kwenda mto Thwake iliwekwa kalavati jipya la saruji nyeupe. Punda wetu, tunamwita Kijivu, alipolifikia alisimama kama aliyepigiliwa misumari. Masikio mbele, pua inapumua kwa nguvu, hatua moja haendi. Mjomba alivunja fimbo ya kwanza mgongoni mwake, akakata ya pili. Punda akarusha mateke, mitungi ikaanguka, mmoja ukapasuka. Siku iliyofuata Kijivu hakungoja hata kulifikia lile kalavati. Aligoma akiwa bado mbali nalo, kama hatua hamsini hivi.

Mjomba wangu si mkatili. Ndivyo alivyofunzwa na babu, na babu na baba yake. Methali yetu nayo husema shukrani ya punda ni mateke, ila sijapata kumsikia mtu akiuliza punda huyo alitendewa nini hata akashukuru namna hiyo.

Shule zilipofunguliwa nilimsimulia mwalimu wetu wa historia kisa hiki, tukicheka. Yeye hakucheka sana. Aliniambia kwamba jambo la Kijivu na kalavati lilikwisha andikwa zamani za kale na mwanafunzi mmoja wa Socrates. Hapo ndipo nilipoanza kumfuatilia huyu bwana Xenophon.

Alizaliwa Athens yapata mwaka 430 K.K., katika ukoo wenye mali. Siku zile kumiliki farasi kulikuwa dalili ya utajiri, na vijana wa matajiri walitumikia jeshi la wapanda farasi, kwa hiyo Xenophon alikua akinusa jasho la farasi. Inasimuliwa kwamba siku moja alikuwa akipita kichochoroni Socrates akamzuia njia kwa bakora yake. Akamuuliza vyakula vya aina hii na ile huuzwa wapi. Kijana akajibu vizuri. Kisha mzee akamuuliza mahali ambapo watu hufanywa kuwa wema. Hapo kijana akakwama, na Socrates akamwambia amfuate akajifunze. Kama kisa hiki kilitokea hivyo hivyo au kilitiwa chumvi, hakika ni kwamba Xenophon alikuwa mwanafunzi wa Socrates, na baadaye aliandika vitabu vya kumkumbuka.

Mwaka 401 K.K. rafiki yake mmoja, Proxenus, alimwita aende Asia akajiunge na Cyrus, mwana wa mfalme wa Uajemi. Socrates alimshauri aulize kwanza kwa mungu wao kule Delphi. Xenophon, ujanja wa vijana, hakuuliza kama aende au asiende. Aliuliza atoe sadaka kwa miungu gani ili safari iwe njema! Mwalimu wake alimkemea, lakini neno lilikuwa limekwisha tolewa. Akaenda.

Kumbe Cyrus alikuwa ameficha nia yake. Aliwakusanya askari wa Kigiriki zaidi ya 10,000 kwa kisingizio cha kupigana na watu wa milimani, huku akilenga kumpindua kaka yake, mfalme Artaxerxes. Walikutana vitani Cunaxa, karibu na Babeli, katika nchi inayoitwa Iraki leo. Cyrus akauawa. Wagiriki wakajikuta katikati ya nchi ya adui, bila mwajiri na bila chakula, na kwao ni mbali mno. Kisha majemadari wao wakaalikwa mazungumzoni, wakakamatwa kwa hila na kukatwa vichwa.

Xenophon alikuwa amefuata safari ile kama mtu wa kando tu, hakuwa jemadari wala askari wa kawaida. Usiku ule aliota radi imepiga nyumba ya baba yake. Aliamka, akawakusanya maafisa waliobaki, akawatia moyo, na kabla ya muda mrefu yeye mwenyewe alichaguliwa kuwa mmoja wa majemadari wapya.

Sasa mwone alivyokuwa na mambo ya farasi. Askari walikuwa wameingiwa na hofu kwa sababu adui ana wapanda farasi wengi na wao hawana hata mmoja. Xenophon akawatania kwamba hakuna aliyewahi kufa vitani kwa kuumwa au kupigwa teke na farasi, wanaoua ni watu. Tena mpanda farasi ana hofu mbili, ya adui na ya kuanguka, ilhali aliye chini amesimama imara juu ya ardhi. Watu wakacheka, wakapata nguvu. Lakini siku ile ile wapanda farasi wa adui waliwashambulia kwa nyuma na kuwaumiza vibaya. Xenophon aliwakimbiza kwa miguu asipate hata mmoja. Wenzake wakamlaumu, naye akakiri kosa. Usiku ule ule wakawatafuta farasi waliokuwa wakibeba mizigo, wakawatua mizigo, wakaunda kikosi cha wapanda farasi 50 pamoja na watupa kombeo 200. Utani ni utani, kazi ni kazi.

Kuna jambo jingine lililonifurahisha. Walikuwa wakikimbilia kilima fulani ili adui asiwatangulie. Xenophon alikuwa juu ya farasi akiwahimiza watu. Askari mmoja, Soteridas, akalalamika kwamba si haki, mwenzake amepanda farasi naye anateseka na ngao. Jemadari hakujibu. Alishuka, akamsukuma jamaa nje ya mstari, akamnyang'anya ngao, akapanda nayo kilima kwa miguu, huku amevaa dirii nzito ya mpanda farasi. Wale askari wengine wakamgeukia Soteridas, wakampiga na kumtukana mpaka akaichukua tena ngao yake. Nadhani mtu aliyewahi kupanda mlima na mzigo ndiye anayejua kupima mzigo wa mwingine, awe mtu au mnyama.

Huko milima ya Armenia theluji iliwafika tumboni farasi wao. Wenyeji waliwafundisha kuwafunga farasi vifuko miguuni ili wasizame. Farasi wa Xenophon mwenyewe alikuwa mzee na amekonda kwa safari, ikawa hofu kwamba atafia njiani. Alimwachia mkuu wa kijiji amnenepeshe kwa ajili ya sadaka, naye akachukua mwanafarasi mwenye nguvu. Baada ya majuma mengi ya mateso, siku moja alisikia kelele kubwa mbele ya msafara. Akidhani wameshambuliwa, alirukia farasi wake akaenda mbio kuwasaidia. Alipokaribia akasikia wanachopigia kelele: wameona bahari. Ilikuwa Bahari Nyeusi, na Wagiriki wakijua wameifikia bahari wanajua wamekaribia kwao. Watu wazima walikumbatiana wakilia. Walipohesabiwa baadaye walikuwa 8,600.

Sehemu inayofuata ndiyo iliyonifanya nimpende. Mwaka 399 K.K., baada ya misukosuko mingine mingi, Xenophon alifika Lampsacus hana hela. Jemadari mzima, ameongoza maelfu ya watu, hana nauli ya kurudi kwao! Mpiga ramli mmoja rafiki yake hakuamini mpaka alipoitazama sadaka yake. Ikabidi Xenophon auze farasi wake kwa sarafu 50 za dhahabu za Kiajemi, ziitwazo dariki. Cyrus mwanzoni alikuwa akimlipa askari dariki moja kwa mwezi, kwa hiyo bei hiyo ilikuwa mshahara wa askari wa miaka minne na zaidi. Wakafika watu wawili, Bion na Nausicleides, waliokuja kulipa jeshi. Waliposikia kwamba ameuza farasi na kwamba alikuwa anampenda mnyama huyo, wakamkomboa, wakamrudishia, wakakataa kupokea bei yake. Habari hii ameiandika mwenyewe katika kitabu cha safari ile, kiitwacho Anabasis. Kitabu kina wafalme na vita vikubwa, na bado alimwekea nafasi farasi aliyeuzwa akarudi.

Mwaka huo huo watu wa Athens walimnywesha Socrates sumu. Xenophon hakuwepo. Yeye alishikamana na Wasparta, akawa rafiki wa mfalme wao Agesilaus, na mwaka 394 K.K. alikuwa upande wao katika vita vya Coronea, ambako upande wa pili walikuwamo watu wa Athens. Watu wa kwao walimpiga marufuku kurudi. Mimi simtetei kwa hilo.

Wasparta walimpa shamba Skillous, karibu na Olympia, akaishi hapo miaka zaidi ya 20 na mkewe na wanawe wawili, Gryllus na Diodorus. Aliwinda, akafuga, akawaalika majirani karamu kila mwaka. Na akaandika sana: historia, maisha ya Agesilaus, uwindaji, hata namna ya kuendesha nyumba. Kitabu kinachotuhusu sisi ni kile cha kupanda farasi. Ni kijitabu chembamba, alichowaandikia rafiki zake vijana. Alikiri kwamba mtu mmoja aitwaye Simon alimtangulia kuandika juu ya jambo hilo, lakini kitabu cha Simon hakikutufikia kikiwa kizima, cha Xenophon kimetufikia.

Anaanza kwenye ununuzi. Mnunuzi atazame kwato kwanza, kwa maana nyumba nzuri juu yenye msingi mbovu haifai kitu. (Wauza mifugo wa soko la Emali watanielewa.) Kisha mwanafarasi anapokuwa nyumbani, mtunzaji ahakikishe kwamba njaa, kiu na nzi vinamsumbua akiwa peke yake, na chakula, maji na nafuu vinamjia pamoja na binadamu. Hapo mnyama hujifunza mwenyewe kumtamani mtu. Amguse pale anapopenda kuguswa, hasa pale ambapo hawezi kujikuna.

Halafu anafika kwenye Kijivu na kalavati. Farasi akiogopa kitu na kukataa kukikaribia, asilazimishwe. Mpanda farasi akiguse kitu kile yeye mwenyewe, amwonyeshe kwamba hakina neno, amlete taratibu. Wanaompiga huongeza hofu, kwa sababu mnyama hudhani kile kitu anachokitazama ndicho kinachomuuma. Niliposoma hapo nilifunga kitabu kwanza. Ndiyo maana siku ya pili Kijivu aligoma kutoka mbali! Kwa akili yake, lile kalavati jeupe ndilo lililokuwa na fimbo.

Sheria yake kuu ni kwamba mtu asimwendee farasi kamwe akiwa na hasira. Hasira haioni mbele, na mara nyingi humfanya mtu atende jambo la kujutia. Anasema pia kwamba binadamu hufundishana kwa maneno lakini farasi hafundishiki kwa maneno. Atafahamu tu ikiwa akitenda vizuri anapata raha mara moja. Mpanda farasi ashuke na kumpumzisha pale pale kazi ilipofanyika, ili mnyama aone kwamba uwanja wa kazi ndio uwanja wa starehe. Na anayelazimishwa hawezi kufanya kitu cha kupendeza, kama vile mchezaji ngoma hawezi kucheza vizuri akichapwa. Ukitaka farasi ainue shingo na kutembea kwa maringo, mfanye atake mwenyewe, kama anavyofanya akijionyesha mbele ya farasi majike.

Tusimfanye malaika. Huyu huyu alitumia lijamu za aina mbili, laini na kali. Ile kali ilikuwa na vimiba vikali vya kumkwaruza farasi mdomoni, ili akivishwa ile laini aipende zaidi. Kiboko na vichokoo hakuvitupa. Na tusisahau kwamba katika Ugiriki ya wakati wake kazi za banda la farasi zilifanywa na watumwa, ambao hakuna aliyewaandikia kitabu cha upole. Lakini ukikumbuka kwamba alikuwa askari, katika dunia isiyojua tandiko la kisasa wala vikuku vya kukanyagia, ambamo farasi akikataa kwenda vitani wewe unakufa, utaona kwamba alikuwa na visingizio vyote vya kuwa mkali. Yeye aliona hofu haifundishi.

Baada ya Sparta kushindwa vitani Leuctra mwaka 371 K.K., alifukuzwa Skillous, akahamia Korintho. Wanawe wakajiunga na wapanda farasi wa Athens. Mwaka 362 K.K. Gryllus aliuawa katika mapambano ya Mantinea. Inasimuliwa kwamba habari zilimfikia baba akitoa sadaka, amevaa shada kichwani. Akalivua. Alipoambiwa kwamba mwanawe alikufa kishujaa, akalivaa tena akaendelea. Yeye mwenyewe alifariki yapata mwaka 354 K.K.

Kitabu chake kililala karne nyingi. Kilipofufuka Italia, wengine walikisoma nusu nusu. Federico Grisone wa Naples, aliyechapisha chake mwaka 1550, alimsifu farasi kwa maneno matamu, kisha akashauri wakaidi watiwe adabu kwa moto, na hata kwa paka aliyefungwa kwenye mti mrefu! Mfaransa Pluvinel, aliyemfundisha mfalme Louis wa 13, ndiye aliyerudi kwenye upole, na François Robichon de la Guérinière akaupanga vizuri katika kitabu chake cha mwaka 1733. Mafunzo hayo huitwa dresaji, yaani kumzoeza farasi atembee, ageuke na kuinua miguu kama anayecheza ngoma, kwa ishara ndogo ambazo mtazamaji hazioni.

Walioishika sana sanaa hii ni Wareno, wale wale tunaowasoma darasani kwa ajili ya Fort Jesus waliyoanza kuijenga Mombasa mwaka 1593. Kwao kuna farasi aitwaye Lusitano, kutokana na jina la kale la nchi hiyo, Lusitania. Ana shingo nene iliyopinda, mgongo mfupi na moyo mwepesi wa kuelewa. Marquis wa Marialva, aliyezaliwa 1713 na kufa 1799, aliwafunza kwa namna hiyo ya utulivu, na Nuno Oliveira, aliyefariki 1989, aliwafundisha wageni wa nchi nyingi. Mwaka 2024 UNESCO iliitia sanaa ya Wareno ya kupanda farasi katika orodha ya urithi wa wanadamu. Mwaka huo huo bingwa mmoja wa dresaji alijiondoa kwenye Olimpiki ya Paris kwa sababu ya video iliyomwonyesha akimchapa farasi miguuni mara nyingi katika mafunzo. Hebu fikiria, miaka 2,300 na zaidi baadaye, na medali zote hizo shingoni.

Ukambani farasi hawakustawi, ndorobo na maradhi hayakuwaruhusu. Punda ndiye farasi wetu, naye ni mwenyeji wa bara hili tangu asili. Kwa hiyo nililichukua somo la Mgiriki nikaenda nalo nyumbani likizo iliyofuata. Siku ya kwanza sikumtwika Kijivu kitu. Nilimpeleka mpaka pale anapogomea, nikasimama naye, nikamkuna chini ya shingo, tukarudi. Majirani walinicheka sana, wengine wakauliza kama siku hizi punda wanasomeshwa sekondari. Siku ya pili tulisogea zaidi. Siku ya tatu nilikaa mimi juu ya kalavati nikiwa na maganda ya mahindi, yeye akisimama mita chache kutoka pale, ananitazama. Jioni ya siku ya tano aliweka kwato moja juu ya saruji, akainusa, akavuka. Nilimpa maganda yote pale pale.

Mjomba alikuwa ameketi chini ya mwembe akitazama. Akasema amevuka kwa sababu hana mzigo. Kesho yake tukamtwika mitungi miwili, akavuka. Mitungi minne hatujaijaribu, shule zilifunguliwa.